Muulize Bwana Shamba: Nukta za wadudu kwenye ramani ya Dodoma

Toleo lililopita nilidokeza kwamba hapa Dodoma tumejikusanya watu wa kujitolea, wengi wetu wastaafu, walimu na wanafunzi, tunaandika wadudu tunaowaona na kuwaweka kwenye ramani: yupi yuko wapi, na mwezi gani. Nilidhani ni habari ya kuwafurahisha wachache. Barua na meseji zimekuja za kutosha kuninyima usingizi wa mchana, kwa hiyo leo mbolea, zabibu na mbuzi wanaokohoa watasubiri.

Shikamoo Bwana Shamba. Nilipita kwa rafiki yangu Dodoma nikaona ramani yenu ya vipepeo ukutani. Mjini nukta zimejaa, Mpwapwa zipo, lakini kwetu peupe kabisa. Ina maana kwetu hakuna vipepeo? Mbona mimi nawaona kila siku? (Kijana wa sokoni, Kibaigwa)

Marahaba, mwanangu. Vipepeo mnao. Msiyekuwa naye ni mtu wa kuwaandika.

Ramani ya wadudu ikiwa bado changa ni ramani ya watu wanaotazama wadudu. Ifuatilie uone: nukta zimejipanga kandokando ya lami wanayopita watu wetu, zimerundikana pale chuo kikuu kwa kuwa wanafunzi wapo, ziko Makutupora kwa kuwa watafiti wa zabibu wapo, na ziko Mpwapwa kwa kuwa tangu enzi za mkoloni wataalamu wa mifugo wameweka kambi pale. Mdudu hana habari na lami.

Sasa nikueleze hiyo miraba uliyoiona. Tunachukua digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo, kila upande tunaugawa mara nne, tunapata miraba 16. Kila mraba una dakika 15 kwa 15, na kwa huku kwetu ni karibu kilomita 28 kwa 28. Wenzetu wa Afrika Kusini walitumia miraba ya namna hiyo kwa atlasi ya vipepeo. Waingereza wao walikata midogo, kilomita 10 kwa 10. Atlasi yao ya mimea ilitoka mwaka 1962, na mwaka 1964 wakafungua kituo cha kupokea rekodi za viumbe vingine pia, wadudu wakiwemo. Kazi ya kutembea na kuandika ilifanywa zaidi na watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine za kuwaweka mjini. Lakini kisiwa chao ni kidogo na watazamaji ni wengi. Sisi tukikata miraba ya kilomita 10 tutabaki na ramani nyeupe mpaka wajukuu zetu wazeeke.

Ndani ya mraba, kila aina ya mdudu hupata nukta moja tu, hata akionekana mara mia. Kibaigwa na Kongwa mjini ni wilaya moja, lakini mstari wa digrii 36 na dakika 30 unapita katikati yenu, kwa hiyo mko miraba miwili. Aliyeandika Kongwa hajawasaidia Kibaigwa hata kidogo.

Peupe, basi, pana maana mbili. Ama hakuna aliyekwenda, ama wamekwenda na kutafuta wakamkosa. Ukiitazama ramani kwa macho huwezi kuzitofautisha, na hapo ndipo watu wenye akili zao huandika upuuzi kwamba mdudu fulani "hayupo" Kondoa au "ametoweka" Bahi. Dawa yake ni kuandika safari nzima badala ya mdudu mmoja: ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, jua lilikuwaje, na uliona aina zipi zote, pamoja na wale wa kawaida usiowajali. Mtu aliyetembea saa mbili kwenye jua akarudi na aina nne tu amenifaa kuliko aliyeniletea picha moja ya kipepeo wa kupendeza. Na hao wa kawaida ndio wanaotutesa. Kila mtu anapiga picha ya kilichomshangaza. Kipepeo mweupe mdogo anayezagaa kila uwanja wa shule hana nukta katika miraba mingi, kwa sababu kila mtu amedhani mwenzake ameshamwandika.

Wewe uko mahali pazuri. Malori ya mahindi yanalala hapo, na vituo vya mafuta vinawasha taa usiku kucha. Mvua zikianza, nenda alfajiri kabla kijana wa ufagio hajapita, uangalie ukuta ulio chini ya taa. Utakuta nondo wakubwa kama kiganja wenye alama za macho kwenye mabawa, mbawakawa waliolala chali wakipiga miguu hewani, na vunjajungu mmoja au wawili ambao hawakufuata taa bali wamefuata walioifuata taa. Ukichelewa, ndege wameshakula miili na kuacha mabawa sakafuni. Yaokote hayohayo. Bawa liweke juu ya karatasi nyeupe, pembeni sarafu ya shilingi mia ili ukubwa ujulikane, piga picha. Mwombe ruhusa msimamizi wa kituo kwanza, na simu usiitoe karibu na pampu.

Mzee, nilipiga picha ya kereng'ende pale Chimwaga, nikatuma na namba za mahali kama mlivyoelekeza. Nikajibiwa kwamba mdudu wangu yuko baharini karibu na Moroko. Ni utani? (Mwanafunzi, UDOM)

Si utani. Uligeuza namba.

Dodoma mjini ni karibu -6.17 na 35.74. Inatangulia latitudo, na ile alama ya kutoa inasema tuko kusini ya ikweta. Inafuata longitudo. Ukianza na 35.74 ukamalizia na -6.17, kompyuta inatii: inapanda kaskazini digrii 35, inakwenda magharibi digrii 6, inamtupa kereng'ende wako Bahari ya Atlantiki, jirani kabisa na Tangier. Shukuru kwamba alianguka majini, maana tulimwona palepale. Kosa baya zaidi ni la kusahau alama ya kutoa. Hapo mdudu wa Dodoma anatua kusini-magharibi mwa Ethiopia, nchi kavu, yenye joto na vichaka vyake. Anaonekana amefika kihalali, na hakuna anayeshtuka.

Na mkisoma simu zenu msininakilie tarakimu nane baada ya nukta ya desimali. Mbili zinatosha kusema uko ndani ya kilomita moja hivi, nne zinakufikisha kwenye mita kumi na kidogo. Tarakimu nane zinadai unajua mdudu alisimama kwenye punje ipi ya mchanga, ilhali simu yenyewe ilikuwa inahangaika kujua uko upande gani wa barabara.

Hata namba zikiwa sahihi, andika jina la mahali kwa maneno. Ukiandika "Dodoma" tu, hatujui ni jiji au ni mkoa mzima hadi Kondoa. Chang'ombe ipo hapa na ipo Dar es Salaam. Majengo ipo karibu kila mji wa nchi hii. Mtaa au kitongoji, kata, wilaya, kisha kitu kisichohama: shule, daraja, mbuyu unaojulikana. Namba zikikosewa, jina linaziokoa.

Kwenye makabati ya makumbusho ya Berlin wamo wadudu waliochukuliwa huku enzi za Mjerumani. Lebo za wakati ule zinaandika Mpwapwa kama "Mpapua", na hiyo tunaielewa. Kilimatinde nayo tunaijua, ilikuwa boma lao. Lakini mdudu aliyeandikwa "Ugogo" peke yake tumfanyeje? Ugogo ni miraba mingapi? Huyo ana jina na ana tarehe, ila makazi hana, na hatapata nukta hata tungempenda vipi.

Mbukwa Bwana Shamba! Huku kwetu kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, tunamwona kwenye magugu karibu na korongo. Nimetuma picha. Mwenzenu mmoja akanipa jina moja, mwingine akanipa jina jingine. Mnaijua kazi yenu kweli? (Mama mfuga kuku, Mpwapwa)

Mbukwa, dada yangu. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema walichosema, na kosa lao ni kusema haraka.

Kipepeo wa chungwa anayejulikana zaidi ni *Danaus chrysippus*. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, sumu ya utomvu ikabaki mwilini, na ndege aliyemwonja mara moja harudii. Kwa hiyo huruka taratibu, hana wasiwasi na mtu. Sasa yuko mwingine, *Hypolimnas misippus*, ambaye hana sumu hiyo, lakini jike lake limevaa sura ya yule mwenye sumu toka ncha hadi ncha. Dume lake hutalidhania kabisa: jeusi, lenye mabaka makubwa meupe ya mviringo yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Watoto wa mama mmoja, ungesema ni koo mbili.

Wengi hutazama ncha ya bawa la mbele, kama ni nyeusi yenye madoa meupe au la. Hiyo haisaidii. Afrika Mashariki wapo *chrysippus* wengi wasio na ncha nyeusi, na jike mwigaji naye ana toleo lisilo na ncha nyeusi. Tazama bawa la nyuma. *Chrysippus* ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa hilo. Mwigaji ana doa moja tu, kwenye ukingo wa mbele.

Picha yako nimeiona. Kipepeo amekunja, bawa la mbele limefunika la nyuma, na vidole vyako vimefunika kilichobaki. Kwa picha hiyo hata mimi sibishani na mtu. Rekodi tumeiweka daftarini na maneno "haijathibitika", na kwenye ramani haitaingia. Usiumie. Rudi korongoni asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, vipepeo wakiwa wamefungua mabawa kujipasha joto. Piga picha kutoka juu kwanza, kisha kutoka ubavuni, bila kumgusa. Na kama unajua jina la gugu alilotua, andika. Kama hujui, piga picha ya jani.

Mimi ni mkulima wa mtama na alizeti. Nikiandika wadudu kwa bando langu na miguu yangu, napata nini? Tumezoea: sisi tunaonyesha, wengine wanapata digrii. (Mkulima, Mvumi)

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fedha hakuna. Hata nauli hatulipi. Na malalamiko yako nayafahamu. Wamewahi kufika watu kijijini nilikokuwa nafanya kazi, wakaonyeshwa kila kitu, wakaondoka bila hata kurudisha karatasi moja yenye majina ya wadudu walioonyeshwa.

Ninachoweza kukuahidi ni kwamba rekodi yoyote iliyoandikwa sawasawa ina nafasi ya jina la aliyeona. Rekodi za nchi mbalimbali hukusanywa kwenye mtandao wa dunia uitwao GBIF, ulioanza mwaka 2001, na kwa Tanzania tawi lake, TanBIF, liko COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mle yeyote anaweza kusoma bure, profesa au wewe. Sisi kwenye kikundi tumekubaliana jina la mwonaji lisiondolewe mpaka mwenyewe aseme liondolewe. Atakayeandika digrii yake juu ya nukta ya Mvumi atakuta jina lako limekaa hapo.

Faida nyingine haipimwi kwa siku moja. Viwavijeshi unawajua. Nondo wao huja na pepo za mvua, na ndiyo sababu kwa miaka mingi mitego yenye harufu ya nondo jike imewekwa sehemu mbalimbali za nchi kuwahesabu madume. Nimeshatunza mtego wa namna hiyo nikiwa kazini: ndoo yenye faneli, nondo wanaingia usiku, asubuhi unawamwaga juu ya gazeti unahesabu, unaandika na mvua iliyonyesha. Kule Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mitego na vipimia mvua vikakabidhiwa vijiji vyenyewe. Mkulima aliyechaguliwa na wenzake ndiye aliyehesabu, na utabiri ukatangazwa palepale kijijini badala ya kungoja habari kutoka mbali. Tofauti ya wiki moja kwa viwavijeshi ni tofauti ya shamba na mabua.

Kisha akaja kiwavijeshi vamizi, yule mgeni kutoka Amerika. Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshafika Tanzania. Mgeni wa namna hiyo hutambuliwa mapema pale tu palipo na mtu anayewajua wenyeji. Mshike kiwavi umtazame: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa pembe za mraba. Ukiwa na alama hizo mbili humhitaji mtu wa Dodoma mjini kukwambia ni nani.

Ila uelewe, ramani haiui mdudu. Ukikuta mahindi ya jirani yanatafunwa, mwone afisa ugani wa kata siku hiyohiyo. Nukta itaandikwa jioni.

Babu, mwalimu wetu ametuambia tuwachome wadudu pini na kuwapanga kwenye boksi. Mimi nawahurumia. Ni lazima? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Chamwino)

Si lazima, mjukuu wangu. Kwa vipepeo, kereng'ende na vunjajungu picha inatosha mara nyingi. Kuna mbawakawa wadogo na nzi ambao hawatambuliki bila kuwaweka chini ya darubini, lakini hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vibali. Kwenye pori la akiba au hifadhi kama Swagaswaga usikamate hata panzi bila ruhusa. Mwalimu wako mwonyeshe jibu hili, kwa adabu.

Kiangazi hapa Bahi hakuna hata inzi wa maana. Si tupumzike mpaka mvua? (Dereva bodaboda, Bahi)

Mkipumzika wote, ramani itasema wadudu wa Bahi huishi Desemba hadi Aprili tu. Miezi ya Julai hadi Oktoba ndiyo yenye rekodi chache kuliko zote, kwa hiyo ndiyo tunayoililia.

Wadudu hawajaisha, wamebadili mahali. Nenda kwenye bomba linalovuja au pale punda wanaponyweshwa. Saa nne, saa tano asubuhi, kwenye tope lenye kojo la punda, utakuta vipepeo wametua wamebanana, mirija yao imezama matopeni wakifyonza chumvi. Wengi wao ni madume. Hapo hata simu ya bei rahisi inatoa picha nzuri, maana hawana haraka. Tazama pia chini ya miti yenye majani makavu. Wapo vipepeo wa kahawia wa savana ambao kizazi cha mvua kina alama kubwa za macho kwenye mabawa, na kizazi cha kiangazi alama hizo hufifia mpaka kipepeo anafanana na jani alilolalia. Watu hudhani ni aina mbili. Andika tarehe na utatusaidia kuwaunganisha.

Wewe wa bodaboda nina kazi yako maalumu. Kuna vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia, *Belenois aurota*, ambao miaka mingine huhama kwa maelfu. Wakivuka barabara, simama pembeni, chagua miti miwili, hesabu wanaopita kati yake kwa dakika tano, kisha andika wanaelekea wapi: jua linakotoka, linakozama, au vipi. Picha za vipepeo hao zipo nyingi. Mwelekeo wao karibu hakuna anayeuandika, na bila mwelekeo hatuwezi kuunganisha Bahi na Manyoni hata mkiwaona siku moja.

Kumbikumbi walitoka usiku baada ya mvua ya kwanza. Nimewakaanga kabla sijakumbuka kupiga picha. Rekodi inahesabika? (Mama lishe, Itigi)

Inahesabika kama "kumbikumbi, Itigi", na tarehe yake, na saa waliyotoka, ambayo ni muhimu kwa kuwa kila aina ya mchwa ina saa yake. Aina hatutaijua kwa sufuria. Safari nyingine bakiza wawili watatu kwenye kichupa cha spiriti, pamoja na askari wa mchwa kutoka kwenye tundu hilohilo, maana kwa wengi wao kichwa cha askari ndicho kinachotamka jina. Chumvi uliweka?